Video Isiyo na Picha

Jumatatu, 5 Februari

Wiki ya tatu tangu nirudi kazini, na leo ndiyo mara ya kwanza sikulia kwenye gari. Si kwamba nimekuwa jasiri. Nilisahau tu – nilikuwa nahangaika kutafuta kifuniko cha chupa ya maziwa. Ahsante Mungu kwa kifuniko kilichopotea.

Josie ana miezi saba na jino moja. Mchana anakaa na mama mkwe, Irma. Asubuhi nilimpa maelekezo marefu: ale hivi, alale vile. Akaniangalia tu. Akasema mumeo nilimlea mimi, na yuko hai mpaka leo, sivyo? Yuko hai, mama. Na vyombo anaosha. Ahsante.

Ofisini Hollis alikuwa ananisubiri. Ndiye mkuu wetu sisi mawakili tunaowatetea wasioweza kujilipia wakili. Nilipokuwa likizo aliondoa maboksi yote stoo, akaweka kiti, meza ya mashine yangu ya kukamua maziwa, na kitasa cha kufunga kwa ndani. Mlangoni amebandika karatasi: USIINGIE. KUZMA YUKO NA MTEJA MUHIMU. Nilicheka mpaka nikaogopa maziwa yatatoka yenyewe.

"Furaha ikiisha, kuna kazi mezani," akasema.

Kazi yenyewe ni Cordell Easley, miaka ishirini na miwili. Wakili wake kahamia mji mwingine, kwa hiyo sasa ni wangu. Anashtakiwa kumpiga afisa wa polisi kiwiko cha mdomo. Yuko jela ya kaunti tangu Desemba kwa sababu dhamana imewekwa juu kuliko mkono wa bibi yake unavyofika. Kuna video, Hollis akasema. Siku hizi video haikosekani. Kila polisi ana kamera kifuani, na kila mtu akisikia neno video anadhani kesi imekwisha. Kumbe ndiyo inaanza.

Jumanne, 6 Februari

Jela. Chumba cha mawakili kina harufu ya sakafu iliyopigwa deki kwa maji machafu.

Cordell kaingia, kanikagua juu mpaka chini. "Wewe wa tatu. Mnanipokezana kama kijiti."

Nikamwambia mimi ndiye wa mwisho, sihami.

"Wote husema hivyo. Halafu, wakili – una maziwa begani."

Kweli nilikuwa nayo. Tukacheka wote wawili. Baada ya hapo akazungumza.

Alikuwa anaondoa theluji kwenye ngazi za bibi yake kwa koleo. Jioni, baridi ya kuuma. Polisi wawili wakaja kwa miguu. Mtu alikuwa amepiga simu kwamba kuna kijana anavunja magari mtaani. Afisa Hatcher akamtaka aonyeshe kitambulisho. Cordell akajibu, kiko ndani, hii ni nyumba ya bibi yangu, nigonge mlango akutolee? Hatcher akapanda ngazi, akamshika mkono, wakaanguka. Barafu. Hatcher akainuka na damu mdomoni.

"Ulimpiga?"

"Wakili, nilikuwa nimeshika koleo kwa mikono yote miwili. Kiwiko changu kingetoka wapi, mfukoni?"

Mwendesha mashtaka ametoa ofa. Akiri kwamba alimpiga, ahesabiwe kosa dogo badala ya kubwa, na atoke jela siku hiyo hiyo. Akikataa na akashindwa kwenye kesi, kifungo kinaweza kufika mwaka na nusu. Ofa inakufa Jumatatu ijayo.

Anataka kukubali. Nilimwona usoni kabla hajasema. Bibi yake, Odessa, yuko peke yake na ngazi zile. Lakini Machi kijana huyu anatakiwa kuanza uanagenzi wa ufundi kwenye chama cha mafundi umeme, nafasi aliyoisubiri miaka miwili. Na masharti yao yako wazi: mwenye kosa la kumpiga mtu hapokelewi.

"Nitoe tu," akasema. "Umeme utakuwepo."

Nikamwambia uamuzi ni wake, si wangu. Ila sitamwacha aamue kabla sijaangalia kila kitu polisi walichorekodi. Anipe mpaka Jumatatu hiyo hiyo.

"Na ukikosa kitu?"

"Nitakwambia nimekosa. Sikudanganyi."

Akakubali kwa kichwa. Nashukuru kwa imani ambayo sijaifanyia kazi bado.

Jumatano, 7 Februari

Nimeangalia video ya Hatcher siku nzima. Stoo, mlango umefungwa, mashine inavuta huku inalalamika, na mimi nimeweka kompyuta juu ya boksi.

Kamera hizi zina tabia yao. Hukumbuka nusu dakika ya kabla ya kubonyezwa, ila picha tu, bila sauti. Kwa hiyo mwanzo wote ni bubu. Unamwona Cordell na koleo. Midomo inacheza. Ananyosha kidole kwenye mlango wa bibi yake. Anatabasamu – namna ile ya mtu anayejitahidi asiogopwe. Mkono wa Hatcher unaingia kwenye picha. Halafu ngazi, mbingu, koti, giza. Ndipo Hatcher anabonyeza, ndipo sauti inakuja, na neno la kwanza duniani kusikika ni lake: "Acha kukataa! Acha kukataa!"

Kijana amelala kifudifudi. Anakataa nini?

Wote hupiga kelele hiyo. Wanajua kamera inasikia. Pingu zikishafungwa, Hatcher anaizima.

Kuanguka kwenyewe hakuonekani. Nimepunguza kasi, nimerudisha, nimeangalia bila sauti, nimeangalia tena. Kiwiko hakipo. Lakini kutokuwepo kwenye picha si ushahidi kwamba hakikutokea, na mwendesha mashtaka atasema hivyo hivyo. Ningekuwa yeye ningesema.

Afisa wa pili, Nyquist, ni msichana, hana miaka miwili kazini. Naye alikuwa na kamera. Faili lake nililifungua: jeusi. Alivaa koti la baridi juu ya kamera. Wanakatazwa, lakini kwenye baridi ile ya Desemba nani angevua koti ahamishe kamera? Nikaangalia kidogo, giza, nikasogeza mbele, giza, nikalifunga. Ndani ya faili la kesi wakili aliyetangulia ameandika: hakuna picha. Mwendesha mashtaka kaandika vile vile.

Mume wangu Wade kanipikia mayai. Kaunguza. Nimekula yote.

Alhamisi, 8 Februari

Josie ana homa. Sikio. Daktari kasema ni sikio tu, akatoa dawa ya pinki. Sikwenda kazini, Hollis alinisimamia mahakamani kesi mbili bila kunung'unika. Mtoto analala akiwa wima kifuani kwangu tu. Ukimlaza – kilio. Mkono wangu wa kushoto si wangu tena.

Ijumaa, 9 Februari

Irma kamshika Josie nikapata saa moja. Nikaenda kwa Bibi Odessa.

Nyumba nyeupe, ngazi nne, reli ya chuma upande mmoja. Nilipanda nimeishikilia – barafu bado ipo. Kafungua mlango kabla sijagonga.

"Wewe ndiye mwenye mtoto? Cordell kanipigia. Ingia, mwanangu, unaganda hapo nje kama nguo kwenye kamba."

Kanipa mkate wa mahindi na mboga zilizopikwa na nyama ya moshi. Nikasema nimekuja kazini, si kula. Akasema kula hakuzuii masikio. Kwa hiyo nikala, akaeleza.

Alisikia kishindo akiwa jikoni. Alipofika mlangoni Cordell alikuwa chini na pingu, na yule polisi ameshika mdomo. Kuanguka hakukuona. Lakini asubuhi yake aliona damu kwenye reli ile, na nyingi tu.

Nikaacha kutafuna. "Kwenye reli? Ulipiga picha?"

"Picha ya damu? Niliiosha! Maji ya moto na sabuni. Nani anaacha damu mlangoni kwake watu wapite waone?"

Nikafunga daftari. Akaelewa. Akaweka kijiko chini.

"Nimemuumiza mjukuu wangu, sivyo?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia mtu msafi haombi radhi kwa usafi wake. Nilimaanisha. Lakini kwenye gari niligonga usukani kwa kiganja. Damu yote ya ukweli imekwenda na maji ya sabuni.

Kanifungia mkate mwingine kwenye karatasi. "Huu wa mumeo. Usimalize njiani." Nilimaliza nusu.

Jumapili, 11 Februari

Naandika upesi, kabla sijasahau hata neno.

Leo ni siku ya fainali ya futiboli ya Marekani, mtaa mzima unanuka mabawa ya kuku. Irma alileta kuku wa paprika na madonge yake ya unga, akasema mpira ukiisha mtaniambia nani kashinda. Wade akasema, mama, zimebaki saa tatu nzima mchezo uanze. Akasema ndiyo maana nimepika mapema.

Mimi nilikuwa chumbani na Josie kifuani, sikio linamuuma, amelala kwa shida. Mwanga wa kompyuta unamwamsha. Nikasema nikae tu. Lakini Jumatatu ni kesho, na kukaa tu siwezi. Nikakumbuka faili la Nyquist. Lile jeusi! Ndilo pekee ambalo halihitaji macho. Nikafunika kompyuta kwa blanketi, nikavaa hedfoni, nikafumba macho.

Kwanza ni kitambaa kusuguana na kitambaa. Hatua kwenye theluji. Pumzi ya Nyquist, karibu mno, kana kwamba niko ndani ya koti lake. Halafu Cordell, kwa mbali lakini wazi: "Hii ni nyumba ya bibi yangu, nigonge mlango akutolee?" Kama alivyonieleza – neno kwa neno. Pale video ya Hatcher ni bubu, hii inasema – Nyquist alibonyeza yake mapema!

Kisha kishindo. Chuma kinalia – ngoo! – kama kengele iliyopigwa mara moja. Makelele, pingu, acha kukataa. Nikaendelea. Dakika nyingi za upepo na redio; yeye kamera yake hakuizima. Mlango wa gari unafungwa. Nadhani ndipo walipomwingiza Cordell.

Halafu mwanamke anacheka. Anajitahidi asicheke, ndiyo inazidi.

Sauti ya mwanaume, inaongea kama ana kitu mdomoni: "Usicheke, Nyquist. Hiyo reli imenipasua mdomo."

"Umeanguka kama gunia la viazi, kaka."

"Ukimwambia mtu, nakuua. Watanicheka mpaka nistaafu."

Nikafungua macho. Nikarudisha. Nikasikiliza tena. Reli imenipasua mdomo. Kasema mwenyewe!

Na kuna kingine. Baadaye gari lingine linafika, mtu mwenye sauti nzito, sajini wao. "Nani kakufanya hivyo?"

Kimya. Upepo. Kimya kirefu cha mtu anayechagua.

"Huyo kijana. Kiwiko."

"Nyquist, uliona?"

Hajibu. Unasikia tu koti likisugua, kama mtu anayeinua mabega.

Hiyo ndiyo yote. Aibu ya kuteleza. Kijana yuko jela kwa sababu mwanaume mzima hakutaka kuchekwa.

Nililia, lakini kwa utulivu, Josie asiamke. Wade akachungulia, akaniona, akadhani mtoto amezidiwa. Nikamwonyesha dole gumba. Akasimama hapo mlangoni hajui afurahi au aogope, kisha akaniletea sahani ya kuku akanilisha kwa uma, kwa sababu mikono yangu ilikuwa na mtu.

Ahsante kwa sikio la mtoto. Mungu nisamehe, lakini ahsante.

Jumatatu, 12 Februari

Nilimwendea Cordell mapema na kompyuta. Hedfoni moja kwake, moja kwangu, kama wanafunzi kwenye basi la shule.

Pale kwenye gunia la viazi alicheka kwa sauti mpaka mlinzi akachungulia. Pale kwenye kiwiko aliinamisha kichwa mezani. Nikazima. Sikumgusa, si sheria, lakini nilitamani. Ana shingo ya mtoto bado.

Halafu ilibidi niwe mkali. Sikutaka atoke hapo na ndoto. Nikamwambia: sauti si sura. Mwendesha mashtaka atasema haijulikani nani anaongea gizani. Hatcher atakana. Anayeweza kusema "huyu ni mimi na yule ni yeye" ni Nyquist peke yake, na alishanyamaza mara moja.

"Na nikikataa ofa, halafu yule dada aseme hajui?"

"Unaweza kufungwa. Ofa hairudi."

"Wewe ungefanyaje?"

"Mimi si wewe. Mimi leo nitalala kwangu."

Akaanza kuzungusha waya wa hedfoni kidoleni. Nikamwacha. Hollis husema kazi ngumu kuliko zote za wakili ni kufunga mdomo.

"Unajua," akasema, "nilishakubali kichwani. Wiki nzima nilikuwa najifunza kusema: ndiyo mheshimiwa, nilimpiga. Nasema ukutani. Ilianza kutoka vizuri. Sasa nimemsikia mwenyewe. Nikisimama pale nikasema nilimpiga, mdomo utakataa." Akavuta pumzi. "Waambie hapana."

Nikamuuliza mara ya pili, nikamuuliza mara ya tatu. Hapana. Niliandika hapana hiyo na kuipeleka kwa mwendesha mashtaka, ng'ambo ya barabara, kwa miguu, baridi inanitoa machozi. Mchana niliomba kwa jaji kikao cha kusikiliza ushahidi huo.

Sijui kama nimemsaidia au nimemzika. Lakini nashukuru kwamba sikumsukuma. Ni yeye aliyesema.

Jumatano, 14 Februari

Fenwick, mwendesha mashtaka, kanisimamisha kwenye korido. Mwanamke mrefu, viatu vya kunguruma, sijawahi kumwona akitabasamu kabla ya chakula cha mchana.

"Kuzma. Nimesikiliza. Nilikuwa nimeangalia lile faili dakika moja tu."

"Na mimi pia, mara ya kwanza."

"Siwezi kufuta kesi kwa sauti zisizo na majina. Bosi wangu atanila." Akatazama pembeni. "Lakini sitapinga Nyquist aitwe. Na nimemwandikia jaji kwamba faili ni halisi, halijaguswa. Usinishukuru."

Nilimshukuru. Akaondoka anakunja uso.

Jaji Abernathy kapanga kikao Alhamisi ya wiki ijayo. Mpaka siku hiyo Cordell anabaki ndani.

Hollis kakaa kwenye ukingo wa meza yangu, akaniuliza, unajua unamwomba nini huyo binti? Mwaka na nusu kazini. Akisema, hakuna atakayekaa naye kwenye gari. Akiomba msaada kwa redio usiku, atajiuliza kama watakuja.

Najua. Namwonea huruma kweli kweli. Nitamuuliza hata hivyo.

Wade kaniletea maua na dawa ya chuchu zilizopasuka. Sijui kipi kimenifurahisha zaidi. Najua. Dawa.

Jumamosi, 17 Februari

Homa imekwisha! Josie kalala chali kitandani kwake kama mfalme. Nimeoga mpaka maji ya moto yakaisha. Hakuna kingine leo, na hicho kinatosha.

Jumatano, 21 Februari

Bibi Odessa kapiga simu kuuliza avae kofia gani kesho. Nikasema yoyote, bibi. Akasema yoyote si kofia. Tumekubaliana ile ya buluu.

Cordell kaninong'oneza kwenye simu ya jela: chama cha mafundi umeme wamemwandikia bibi yake, wanataka jibu kabla mwezi haujaisha. Nikamwambia nimesikia. Sikumwambia usijali. Mtu akiwa pale ndani neno hilo ni tusi.

Maswali ya kesho nimeyaandika na kuyafuta mara nyingi. Yamebaki mafupi. Hayana mtego. Sitaki kumkamata Nyquist. Nataka apate pa kupita.

Alhamisi, 22 Februari

Naandika kwenye benchi la korido, nje ya mahakama. Mapumziko. Jaji katoa dakika chache. Nimetoka kumnyonyesha Josie – leo kaikataa chupa kabisa, Irma kanifuata naye mpaka hapa kwa basi la mji, na mkoba wa nepi. Sasa wamekaa kando yangu, Irma na Bibi Odessa, mabibi wawili ambao hawakujuana mpaka asubuhi. Josie anavuta utepe wa kofia ya buluu. Bibi Odessa kasema mwache, kofia imepata kazi. Irma anamweleza kuhusu madonge. Nisipowaangalia nitalia, nikiwaangalia nitalia.

Niandike kwa haraka.

Hatcher alianza. Kaapa. Kiwiko, akasema, cha makusudi. Nikamuuliza, una hakika haikuwa reli? Hakika. Hakunitazama. Ana kovu dogo mdomoni, na ana mikono mikubwa ya baba wa watu. Sikumchukia, nilitaka kumchukia.

Halafu tukaweka faili. Skrini kubwa ya mahakama, nyeusi tii. Watu wakaitazama kwa sababu ndicho kitu cha kutazama. Jaji Abernathy akavua miwani, akafumba macho, kama mimi siku ile! Kicheko cha Nyquist kikajaa chumba kizima. Gunia la viazi. Mtu nyuma akaguna kicheko akakimeza. Reli imenipasua mdomo. Bibi Odessa alisema "Ee Yesu" kwa sauti, na jaji hakumkataza.

Hatcher akasema hajui sauti hiyo ni ya nani. Upepo ulikuwa mwingi.

Ndipo Nyquist. Ni mdogo kuliko nilivyodhani. Kucha ameng'ata. Niliuliza polepole, kwa sauti ile ninayomwamshia Josie.

"Afisa, kamera hii ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Ilikuwa ndani ya koti la nani?"

"Langu."

"Anayecheka ni nani?"

Akatazama kucha zake. Nikadhani basi. Halafu: "Mimi. Ndiyo. Nilicheka."

"Na anayekwambia usicheke?"

Akafungua mdomo. Akamtazama Hatcher. Akamtazama Cordell, aliyekaa kando yangu na suti ya marehemu babu yake, mikono mezani, hapumui. Na hapo hapo wakili wa chama chao cha polisi akasimama nyuma, mheshimiwa, naomba mapumziko mafupi nizungumze na shahidi. Jaji akasita. Akakubali. Akamwonya asimfundishe la kusema.

Kwa hiyo tupo hapa.

Nawaona mwisho wa korido, karibu na mashine ya soda. Wakili anaongea, mkono unakata hewa. Sajini yupo. Hatcher yupo, kaweka kiganja begani kwa Nyquist, taratibu, kama kaka. Yeye anatazama sakafu. Sisikii neno. Siku zote hizi nimesikia bila kuona, sasa naona bila kusikia.

Cordell wamemrudisha kwenye chumba kidogo cha mahabusu, na mlinzi. Alipopita kaniambia: "Vyovyote itakavyokuwa, wakili. Nashukuru hukuhama." Nilimfunga kifungo cha suti kilichofunguka.

Josie kasinzia. Irma ananipokonya kikombe cha kahawa kilichopoa ananipa cha moto. Sijui kakitoa wapi.

Ngoja –

Nyquist kajitoa chini ya kile kiganja. Hakusukuma, kapiga tu hatua kando, na mkono wa Hatcher umebaki hewani. Wakili bado anaongea. Yeye anakuja huku. Anapita mbele yetu, karibu kabisa, simwambii kitu wala hanitazami. Anamtazama Bibi Odessa, anainamisha kichwa kidogo, anaingia mahakamani.

Nimesimama. Namwona kupitia mlango aliouacha wazi. Chumba hakina mtu, jaji hayupo, ni askari wa zamu tu. Nyquist kapanda moja kwa moja, kakaa kwenye kiti cha shahidi.

Askari anamwambia: "Bado, afisa. Mapumziko hayajaisha."

"Najua," anasema. "Nitasubiri hapa."